Ngazi Iliyofungwa Maisha

Katika wanawake wa rika langu hakuna aliyeitembea dunia kama mimi, Sikudhani binti Mfaume. Nimefika kila nchi yenye jina, na nyingine nilizifika kabla hazijapewa jina. Wajukuu zangu wanasema miaka yote hiyo nilikuwa nimekaa ukumbini nikichambua mchele, nami siwezi kuwakatalia, maana mchele wenyewe wao ndio walioula.

Haidhuru. Utelezi nimefika. Njia siielezi, kwa sababu anayetaka kwenda ataiona, na asiyetaka atafikishwa.

Jambo la kwanza kulijua kuhusu nchi ya Utelezi ni kwamba hakuteleziki. Ardhi yake ni kavu na ina meno kama mbuzi ya kukunia nazi. Mimi ni mtu niliyewahi kuteleza juu ya mkeka, tena nimekaa, lakini kule nilitembea na ndala zilizolika soli na sikupepesuka hata kidogo. Pamoja na hayo, hakuna nchi ambayo watu wake huanguka kama kule, wala iliyokutungia sheria nyingi kiasi kile kuanguka.

Jambo la pili ni ngazi. Ukubwa wa mtu Utelezi haupimwi kwa nyumba, wala shamba, wala kwa wake. Hupimwa kwa urefu wa ngazi yake. Na ngazi hizo haziendi popote. Usidhani juu kuna ghorofa. Ngazi inapanda, inapanda, inakwisha, na pale inapokwishia pana kiti, na kitini amekaa mkubwa. Ukitaka kumwamkia unapiga kelele kutoka chini, naye anaitikia kesho yake. Nilimuuliza mpita njia, "Mvua ikinyesha inakuwaje?"

"Analowa," akanijibu. "Lakini analowa akiwa juu."

Mgeni akiingia Utelezi hupelekwa kwanza kuiona jela, kama sisi tunavyompeleka mgeni kuuona mnazi wenye vichwa viwili. Mkuu wa jela alikuwa Sajini Mbwego, mtu mfupi, nadhifu, mwenye viatu vilivyong'aa hata nikaona humo jinsi nilivyozeeka. Alinipokea kwa heshima zote.

"Karibu, bibi. Humu hajatoroka mfungwa hata mmoja tangu nikabidhiwe funguo."

"Hongera, mwanangu. Wafungwa wenyewe wako wapi?"

"Si hao mbele yako?"

Mbele yangu palikuwa na uwanja uliofagiliwa, na uwanjani palikuwa na vitu. Jiwe. Ndoo. Kipande cha ukuta. Mlango umeegemezwa. Mzizi wa mti umefungwa mnyororo. Kwanza nilifikiri nimepelekwa stoo. Sajini akakaza mkanda, akaanza kuita majina, na kila akiita anajijibu mwenyewe kwa sauti ya mfungwa.

"Jiwe la Njia Panda!"

"Nipo, afande!" sauti nyembamba.

"Ndoo ya Kisimani!"

"Nipo, afande!" sauti ya ndani ndani, yenye mwangwi.

"Ganda la Ndizi!"

Kimya. Sajini akavua kofia. "Huyo alifia kizuizini," akaniambia.

Nikapewa maelezo, nami nayatoa kama nilivyopewa. Katika sheria ya Utelezi hakuna mtu anayempiga mtu. Kuna aliyeanguka, na kuna kitu alichokiangukia. Mtu akiokotwa na jeraha, mahakama hukaa kutafuta kitu kilichomuumiza, na kikipatikana hufungwa. Haki hutendeka upesi, kwa kuwa jiwe halikati rufaa.

"Na marungu, mwanangu?" nikamuuliza. "Sioni rungu hata moja humu ndani."

Sajini akanitazama kama nimemtukania mama yake. "Bibi! Rungu ni mtumishi wa serikali."

Mwisho wa uwanja, peke yake chini ya paa la makuti, ilikuwako ngazi ya mvule. Nimeona kazi za mikono katika maisha yangu, ila ile ilinisimamisha. Kila kidato kimekaa katika ubavu wake bila msumari, kimeshonana kama meno ya mtoto mwenye afya. Ilikuwa imefutwa vumbi na kupakwa mafuta. Na kwenye kidato cha chini, kilicho kipana, palikuwa na kiota cha majani makavu na kuku mwekundu amejaa tele juu yake, amekasirika.

"Huyo naye kafungwa kwa kosa gani?"

"Huyo ni wangu," akasema Sajini, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Ameanza kuatamia juzi. Nilimhamisha akarudi, nikamhamisha akanidonoa. Nimemwacha. Hii ndiyo Ngazi ya Ghala la Mbao, bibi. Imefungwa maisha. Ilimuua Fundi Kheri."

Fundi Kheri alikuwa kiongozi wa chama cha mafundi wa ngazi. Alikwenda kuomba jambo kwa wakubwa wa kiwanda, na jioni yake akaokotwa chini ya ngazi hii, kichwa kimepasuka mbele na nyuma. Mahakama ilijiuliza sana jinsi ngazi moja inavyoweza kumpasua mtu pande mbili. Wataalamu wakajibu kwamba alipokuwa akishuka ilimpiga mbele, na alipogeuka kuilalamikia ikammalizia nyuma. Ngazi ikahukumiwa. Tangu hapo ghala halikuwekewa nyingine. Mafundi hupanda na kushuka kwa kukanyaga chungu ya maranda na vumbi la mbao.

Niliinama nikaitazama ngazi kidato baada ya kidato. Sikuona tone wala kovu.

"Ni safi," nikasema.

"Ni wale wanawake wa kiwandani. Kila Ijumaa wanakuja kuifuta. Nimewaambia mfungwa haletewi mafuta, wananiambia, sisi ndio tuliomzaa." Akashusha sauti. "Ninawaachia. Si kinyume cha kanuni. Kanuni inakataza kuwaletea chakula tu."

Nilimpenda mtu yule, Mungu anisamehe. Alikuwa mpumbavu, lakini mpumbavu aliyenyooka.

Malazi nilipata kwa mmoja wa wanawake hao wa Ijumaa, jina lake Chausiku. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mikono imejaa vibanzi, anacheka kwa puani. Ndiye aliyeshika uongozi wa chama baada ya Fundi Kheri, wakati wanaume wenye vifua vipana walipokumbuka ghafla kwamba wana wagonjwa shambani. Fundi Kheri ndiye aliyemfundisha kushika randa. Na ile ngazi ya jela, vidato vyake alivichonga Chausiku mwenyewe.

"Basi unamfutia vumbi mwanao," nikamwambia.

"Namfutia vumbi shahidi," akanijibu. "Ipo siku atasema."

Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka.

Sasa lile jambo walilokuwa wakiliomba, hata Fundi Kheri likamtoa roho, lilikuwa ni benchi. Naona unangoja nitaje kikubwa zaidi. Hakuna. Mafundi wale ndio wanaotengeneza ngazi zote za Utelezi pamoja na viti vya juu, lakini ndani ya kiwanda hairuhusiwi kukaa. Kiti kikimalizika hujaribiwa kwa gunia la mchanga, maana imeandikwa kwamba makalio ya fundi hayatatangulia ya mkubwa. Saa ya kula wanakula wamesimama. Mjamzito anasimama. Mwenye goti bovu analisimamia lile zima. Wakaomba benchi moja, la mbao zilizobaki, watalitengeneza wao wenyewe.

Benchi hilo nimelikalia mimi kwa makalio yangu haya kabla sijaondoka Utelezi, na lilikuwa gumu, na sijakalia kitu kitamu kama hicho. Lakini nisijitangulize.

Mwenye kiwanda alijibu kutoka juu ya ngazi yake, na kwa kuwa ilikuwa ndefu kuliko zote, jibu lilifika vipande vipande. Lililosikika ni hili: leo wataka benchi, kesho watataka la kuegemea.

Wiki mbili hivi baada ya mimi kuiona jela, mafundi wakaweka nyundo chini. Sikuwahi kuona kiwanda kinanyamaza. Kwanza masikio yanauma. Halafu unasikia kitu kipya, wanawake wanaongea bila kupaza sauti, na mmoja anamwambia mwenzake, "Kumbe sauti yako ndiyo hii, shoga? Miaka yote nilijua wewe ni mtu wa kufoka." Chausiku akasimama mbele yao, hakuhutubia. Alisema, "Nyundo zetu tumeziweka kwa upande, zisikanyagwe. Anayeogopa arudi kwake na tutamsalimia kesho kama kawaida." Hakurudi mtu. Mimi mgeni nilisimama nao, na ingawa miguu yangu haifai kitu, siku ile ilinibeba kama ya msichana.

Jioni, watu walipokuwa wakitawanyika, Chausiku alibaki nyuma kufunika mbao. Walimkuta karibu na ghala. Wanawake waliokuwa mbele walisikia, wakageuka, wakaona, wakakimbilia. Waliokuwa wakimpiga ni walinzi wa kiwanda wenye marungu, na mkuu wao, Bwana Kidundo, amesimama kando anasimamia kazi.

Waliniletea mwenyeji wangu amelazwa juu ya ubavu wa ngazi ambao haujapigwa randa. Mkono wa kushoto umevunjika, jicho limeziba, mgongo sitaueleza. Nikachemsha maji ya chumvi, nikawa namkanda na machozi yananitoka.

"Bibi," akasema, mdomo umevimba, "usinichumvie mara mbili."

"Ni nani hao, mwanangu? Uliwaona?"

"Nawajua kwa viatu. Mwishoni nilikuwa naona viatu tu."

Ujana wangu niliukatia mkongeni. Tulikuwa na kijana mmoja aliyetusemea habari ya maji ya kunywa, akaokotwa mtaroni asubuhi, tukaambiwa alikuwa amelewa. Kijana yule alikuwa hajaonja hata togwa maishani mwake. Tuliinamisha vichwa, tukaendelea kukata. Basi nilipomkanda Chausiku nilijua hasa ninachokikanda.

Kesho yake akaja Bwana Kidundo mwenyewe, mkubwa wa mwili, ana harufu ya sabuni, na sauti laini kama uji wa mtoto.

"Pole sana, mama Chausiku. Nchi yetu hii na utelezi wake."

Chausiku alikuwa amelala ubavu. "Bwana Kidundo, kiatu chako cha kushoto kina msumari umechomoza kwenye soli. Nenda kwa mshona viatu kabla hujajiumiza."

Kidundo akavuta mguu nyuma. Akasema hakuja kwa ugomvi, amekuja na salamu. Mahakama itakaa wiki ijayo. Kama Chausiku atakubali tu kwamba alianguka, atapewa ngazi yake mwenyewe, fupi lakini halali, na kiti juu yake.

Hapo ndipo nikaielewa nchi ile. Kuna sheria Utelezi, imechongwa juu ya lango la mahakama: ALIYEANGUKA HASIMAMII WENZAKE. Kiongozi akihesabiwa ameanguka, uongozi wake umekwisha, na alichokiomba kimefutwa pamoja naye; mwingine akikitaka aanze upya, kama Chausiku alivyoanza baada ya Fundi Kheri. Ndiyo maana viongozi wa mafundi huanguka. Wavivu hawaanguki kule, wala walevi. Wanaanguka wanaoomba mabenchi.

"Ngazi?" akasema Chausiku. "Ngazi natengeneza, Bwana Kidundo. Siku nikiitaka nitaipanda mwenyewe. Wewe iliyo yako ulishikiliwa na nani?"

Kidundo akaaga kwa adabu. Mlangoni akanitazama mimi. "Na wewe bibi kizee, angalia unapokanyaga."

"Nakanyaga pakavu, baba," nikamwambia. "Nchi yenu nzima ni pakavu."

Mahakama ilijaa mpaka madirishani. Hakimu alikuwa juu ya ngazi yake, mzee mwembamba, mkono sikioni. Chini, katikati, aliwekewa Chausiku kiti. Ukarimu ule ulinishangaza, hadi mwanamke wa pembeni yangu akaninong'oneza kwamba mshitaki akikaa huhesabiwa amekubali kwamba alianguka. Chausiku, mkono umefungwa kwa kanga, akakitazama kile kiti. Akakipapasa mgongo, akakitikisa kidogo.

"Kazi yetu," akasema. "Kiungo cha nyuma kimelegea, mtuletee tukikaze." Na akabaki amesimama.

Wanawake wa kiwandani walisogea nyuma yake. Hakuna aliyemgusa, kwa kuwa kushikwa nako ni nusu ya kuanguka. Walisogea tu mpaka pumzi zao zikawa mgongoni kwake, na nilimwona akinyooka.

Hakimu akauliza mashahidi. Mafundi wakanyanyua mikono, yote. Karani akawasomea sheria ya macho: macho ya fundi wakati wa kazi ni mali ya kiwanda, na fundi aliyeweka nyundo chini ameweka na macho. Mimi niliyemkanda majeraha nikanyanyua wangu. Nikaambiwa macho ya mgeni ni ya kutazamia mandhari. Anayeona kisheria ni mtu mwenye viatu vya kazi. Wenye viatu vya kazi mle ndani walikuwa wawili: Bwana Kidundo, na Sajini Mbwego, aliyekaa karibu yangu na mnyororo mapajani, tayari kukipokea kitu kitakachohukumiwa.

Kidundo akasimama. Akakohoa, akafumba macho kidogo kama mtoto anayesoma sura aliyoihifadhi.

"Mheshimiwa, jioni ya siku ile nilikuwa mlangoni pa ghala la mbao. Nilimwona fundi kiongozi akishuka ile ngazi ya mvule. Alikuwa na haraka na hasira. Mguu ukakosea kidato. Nikapiga kelele, angalia! Lakini ngazi ilikwisha kumpiga. Nilisikitika sana."

Watu wakaguna. Baadaye niliambiwa yalikuwa maneno yale yale ya kesi ya Fundi Kheri, mpaka lile "nilisikitika sana". Kidundo alitungiwa ushahidi siku moja, na kwa kuwa ulifaa, hakuona sababu ya kusumbua watu watunge mwingine.

Mimi elimu yangu ni ya msingi, na hata huo msingi mwalimu alinimalizishia kwa kuwa alichoka kuniona. Lakini ngazi ya mvule ya ghala la mbao niliikumbuka. Nikamwinamia Sajini.

"Mwanangu, hongera. Kumbe jela yako ina likizo."

"Likizo gani, bibi?"

"Si unasikia? Ngazi yako juzi juzi ilikuwa ghalani inaangusha watu. Uliitoa saa ngapi? Au ilitoroka?"

Sijawahi kuona uso wa mtu unabadilika rangi kwa hatua. Ulianzia shingoni. Sajini Mbwego akasimama, mnyororo ukaanguka chini kwa kishindo, hata hakimu akausikia kule juu.

"Mheshimiwa! Ngazi hiyo ni mfungwa wangu! Imefungwa maisha! Haijatoka!"

"Nani hajatoka?" akauliza hakimu.

"Ngazi, Mheshimiwa! Ghala la mbao halina ngazi tangu alipofariki Fundi Kheri! Iko kwangu, naihesabu kila asubuhi, na inaitika!"

Mahakama ikachafuka. Hakimu akagonga. Akasema kwa upole kwamba labda Sajini aliiruhusu kidogo, kwa tabia njema. Sajini akasema hakuiruhusu. Hakimu akasema, basi tufanye ilipewa ruhusa na sahihi ikasahaulika. Hapo Sajini akavua kofia.

"Mheshimiwa, mimi sina ngazi ya kukalia. Sina kitu. Nina jela ambayo haijatoroka mtu. Usininyang'anye."

Hakimu akamgeukia Kidundo. Na Kidundo, badala ya kunyamaza, akafanya kosa la watu wazoefu, akaongeza chumvi.

"Ilitoroka, Mheshimiwa. Sikutaka kumwaibisha mwenzangu. Ilitoroka jioni, ikaja ghalani, mahali ilipopazoea. Nami mwenyewe niliiona ikirudishwa usiku huo huo."

"Mwongo!" Sajini akapayuka.

"Mshitaki anaruhusiwa swali moja," akasema hakimu, amechoka.

Chausiku alikuwa bado amesimama. Jasho lilimtiririka na rangi ilikuwa imemwishia midomoni, na wanawake nyuma yake wakaanza kuguna wimbo wao wa kupigia randa, chini chini, vifua tu. Akamtazama Kidundo kwa jicho moja lililofunguka.

"Bwana Kidundo, hiyo ngazi ulipoiona, ilikuwa na kitu juu yake?"

Nilimwona Kidundo akilitafuta shimo katika swali lile asilione.

"Kitu gani? Haikuwa na kitu. Ilikuwa tupu kama kiganja hiki."

"Kidato cha chini pia?"

"Hilo ni la pili," akasema karani.

"Cha chini, cha juu, vyote," akasema Kidundo kwa ukarimu. "Vitupu. Niliviona kama ninavyokuona wewe."

"Mheshimiwa," akasema Chausiku, "naomba shahidi wangu aletwe."

Sajini alikwisha kutoka mbio. Alirudi na mafundi wanne wameibeba ngazi ya mvule, wanatembea kwa hatua za watu waliobeba jeneza, naye anatangulia anapiga kelele, "Polepole! Polepole, msimtikise!" Watu wakapisha. Walipoitua katikati, kuku mwekundu aliinua shingo kutoka kidato cha chini, akaikagua mahakama, asiione kuwa na maana, akajifutua manyoya na kukaa tena.

"Huyu," akasema Sajini, anahema, "aliatamia hapa kabla ya jioni hiyo inayosemwa, na hajahama mpaka leo hii. Yule bibi pale alimwona. Macho yake hayafai, najua, lakini yangu yanafaa. Nina viatu."

"Kuku anaweza kuwa aliwekwa jana," akasema Kidundo. Uji wa sauti yake ulikuwa umeanza kushika madonge.

Sajini alipiga magoti kwenye sakafu ya mahakama na suruali yake iliyopigwa pasi, akapitisha mkono taratibu chini ya kuku, akadonolewa, akavumilia, akatoa yai. Akaliinua juu. Lilikuwa na ufa, na ufa ulikuwa unatembea.

"Mheshimiwa, wiki tatu ameatamia hapa hapa, na yai likipoa halianguliwi."

Kisha tukasikia mlio, na haukutoka kwa kuku. Ilikuwa ngazi ya hakimu. Mzee yule alikuwa anashuka. Wazee wa Utelezi waliniambia hawajaona hakimu akishuka katika kikao. Alikuja kidato kwa kidato, ameshika kwa mikono miwili, na kila akikanyaga mafundi wanamwambia, "Taratibu, baba, hicho ni imara, hicho tulikichonga sisi." Alipofika chini alikuwa mfupi kuliko Chausiku. Akamtazama usoni kwa karibu, jicho, mkono, midomo, kitu ambacho kutoka juu nadhani hakikuwa kinaonekana. Halafu akaenda mpaka kwenye kiganja cha Sajini, akachungulia.

"Bwana Kidundo," akasema, na sasa alikuwa karibu kiasi kwamba hakuhitaji kupaza sauti, "hebu niambie tena. Tupu kama kiganja?"

Bwana Kidundo akafungua mdomo, na kilicholia kilikuwa kifaranga.